JR na Sura Zilizobandikwa: Kutoka Mapaa ya Paris hadi Mabati ya Kibera

JR ni msanii wa Ufaransa anayepiga picha za watu wa kawaida, kuzikuza mpaka zilingane na jengo, kisha kuzibandika mahali watu wanapopita: ukutani, juu ya paa, kwenye mabehewa ya treni, uani mwa gereza. Alizaliwa Paris mwaka 1983. Jina analotumia ni herufi mbili tu, na hadharani huonekana amevaa kofia na miwani ya giza, desturi aliyoanza nayo wakati kubandika kwake kulikuwa kosa la kisheria na ambayo hakuiacha hata baada ya jumba la makumbusho la Louvre kumwalika. Kazi zake zimeingia katika picha, filamu, dansi, viunzi vya vyuma na programu za simu, lakini msingi wake umebaki uleule: karatasi, gundi na uso wa mtu. Afrika Mashariki imo katika kazi hiyo kwa uzito mara mbili, Kibera mwaka 2009 na kambi ya wakimbizi ya Mugombwa nchini Rwanda mwaka 2022. Kwa watu wa mpakani mwa Kenya na Uganda, wa Merikit, Tororo na Busia, kazi ya Kibera inagusa karibu zaidi, maana ilifanyika kwenye reli ileile inayopanda hadi Malaba na kuvuka kuingia Tororo.

Alianza kama walivyoanza vijana wengi wa mijini, kwa kuandika jina lake kwa rangi ya kupuliza juu ya mapaa na ndani ya mahandaki. Akiwa na umri wa miaka 17 aliokota kamera katika treni za chini ya ardhi za Paris, akaanza kuwapiga picha wenzake wakiwa kazini usiku. Picha hizo alizitoa fotokopi, akazibandika mitaani na kuzizungushia fremu ya rangi ukutani. Fremu hiyo ni jambo dogo lenye maana kubwa. Mji wa Ulaya umejaa matangazo ya biashara, na bila fremu mpita njia angedhani anauziwa kitu. Kwa kuichora, kijana huyo alikuwa anatangaza kwamba ukuta umegeuka kuwa jumba la maonyesho na kwamba hakuna tiketi. Mtaa ndio mahali pa maonyesho, na mpita njia ndiye mtazamaji wa kwanza. Msimamo huo hajauacha hadi leo.

Kazi iliyomtoa katika kundi la wachoraji wa usiku ilifanyika Les Bosquets, mtaa wa majengo ya ghorofa huko Montfermeil, mashariki mwa Paris, wanakoishi familia nyingi zenye asili ya Afrika Magharibi na Afrika Kaskazini. Mwaka 2004 alimpiga picha rafiki yake Ladj Ly, kijana mwenye wazazi kutoka Mali, akiwa ameshika kamera ya video kwa namna ambayo kwa mtazamo wa kwanza jicho huiona kuwa bunduki. Anayetazama haraka huona jambazi. Akitazama mara ya pili huona mpiga filamu, na hapo analazimika kujiuliza ile bunduki ilitoka wapi, kama haikutoka kichwani mwake mwenyewe. Picha hiyo ilibandikwa mtaani kwao bila ruhusa. Mwaka 2008 ilipanda kwenye ukuta wa nje wa jumba la sanaa la Tate Modern, London. Ladj Ly mwenyewe alikuja kuwa mwongozaji wa filamu. Filamu yake Les Misérables, iliyopigwa katika mitaa hiyohiyo, ilishinda Tuzo ya Jopo la Waamuzi katika tamasha la filamu la Cannes mwaka 2019.

Oktoba 2005 vijana wawili, Zyed Benna na Bouna Traoré, walikufa kwa umeme katika kituo cha transfoma huko Clichy-sous-Bois walimokuwa wamejificha wakiwakimbia polisi. Vitongoji vya Ufaransa vililipuka kwa ghasia za wiki kadhaa. Kamera za televisheni zilipowafuata vijana waliokuwa wakichoma magari, picha za JR zilionekana nyuma yao kwenye kuta. Baada ya hapo alirudi Les Bosquets akiwa na lenzi ya milimita 28. Lenzi hiyo haimruhusu mpiga picha kusimama mbali, kwa hiyo ili sura ijaze fremu lazima asogee karibu kabisa na mtu, umbali ambao hakuna anayeukubali kwa mgeni asiyemwamini. Vijana walikenua meno, walitoa macho, walikunja nyuso, wakiigiza wale wanyama ambao taarifa za habari zilikuwa zimewafanya. Picha zikabandikwa katika mitaa ya matajiri ya Paris, kila moja ikiwa na jina la mhusika, umri wake na anwani ya anakoishi.

Katika kazi hiyo ya 2006, iliyoitwa Portrait of a Generation, mtindo wake ulikamilika. Mtu aliyezoea kupigwa picha na wengine anapewa nafasi ya kuamua ataonekana vipi, na sura yake inapelekwa mahali ambapo isingetarajiwa. Kuamua mwenyewe na kuhamishwa mahali vinategemeana. Katika kazi zilizofuata, pale kimojawapo kilipolegea, picha iliyobaki ilikuwa kubwa tu.

Kuhusu ufundi wenyewe hakuna siri. Picha ni za rangi nyeusi na nyeupe, jambo linalozitenganisha na matangazo ya biashara na pia kupunguza gharama. Huchapishwa katika vipande virefu vya karatasi nyepesi, vikapewa namba, kisha timu hupanda ngazi na kuvipanga kimoja baada ya kingine. Gundi ni ya unga na maji, na yeyote aliyewahi kubandika mabango ya wagombea kwenye nguzo za umeme wakati wa uchaguzi anaijua kazi hiyo: paka ukutani, bandika, paka tena juu. Mvua na jua hufanya kazi iliyobaki. Baada ya wiki au miezi karatasi hubanduka na ukuta hurudi ulivyokuwa.

Mwaka 2007 aliupeleka mtindo huo Israeli na Palestina pamoja na mwenzake Marco. Waliwapiga picha Waisraeli na Wapalestina wanaofanya kazi zinazofanana, madereva wa teksi, walimu, wauza duka, wakawabandika wawili wawili pande zote za ukuta unaowatenga. Walioulizwa mtaani nani ni nani walishindwa kutambua. Wazo lilikuwa jepesi, na wepesi huo ndio uliolibeba.

Mradi uliofuata, Women Are Heroes, yaani wanawake ni mashujaa, ulimpeleka Sierra Leone, Liberia, Sudan, Kenya, Brazili, India na Kambodia. Hoja yake ilikuwa kwamba mitaani wanaume ndio wanaotawala, lakini vita, njaa na ujambazi vinapopita, wanawake ndio wanaobaki wakishikilia nyumba. Huko Rio de Janeiro, Agosti 2008, alifunika nyumba za mtaa wa Morro da Providência, unaokaa mlimani juu ya jiji, kwa macho na nyuso za wanawake. Miezi miwili kabla, vijana watatu wa mtaa huo walikuwa wamekabidhiwa na askari kwa genge hasimu na kuuawa. Mji uliokuwa umezoea kuupa mtaa huo kisogo ukajikuta unatazamwa.

Januari 2009 zamu ilifika Kibera. Kuielewa kazi hiyo kunahitaji kurudi mwaka mmoja nyuma. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Kenya iliingia katika machafuko yaliyoua zaidi ya watu 1,100 na kuwafukuza mamia ya maelfu makwao. Kibera, iliyokuwa katika jimbo la Lang'ata la mgombea urais Raila Odinga, iliwaka mapema. Vijana waliokuwa na hasira waling'oa reli inayopita katikati ya mtaa. Reli hiyo si ya Nairobi peke yake: inatoka Mombasa, inapita Kibera, inapanda Nakuru na Eldoret, inavuka mpaka Malaba na kuingia Tororo, ambako njia hugawanyika, moja kwenda Jinja na Kampala, nyingine kwenda Mbale na kaskazini. Ilipokatwa, na barabara nazo zikiwa zimefungwa na vizuizi vya vijana, malori na matangi ya mafuta yalikwama, petroli ikaadimika Uganda na bei yake ikaruka. Watu wa mpakani ambao hawajawahi kufika Kibera walijua kilichotokea Kibera kwa kutazama mita ya kituo cha mafuta na nauli ya bodaboda.

Mwaka mmoja baadaye macho yalipita juu ya reli hiyo. Timu ya JR ilibandika picha za macho ya wanawake wa Kibera ubavuni mwa mabehewa ya treni iliyokuwa ikipita hapo mara mbili kwa siku. Chini ya reli, kwenye mteremko, waliweka mabati yenye sehemu ya chini ya nyuso hizohizo: pua, midomo, kidevu. Treni ilipokuja, kwa nukta chache macho yalikutana na midomo na sura zikakamilika, kisha behewa likapita na sura zikavunjika. Katika kazi zote za msanii huyu hakuna wazo lililobuniwa kwa usahihi kuliko hili. Halihitaji maelezo. Linatumia mwendo wa kitu kilichopo, linakubali kwamba sura nzima haidumu, na linafanyika mahali ambapo mwaka uliotangulia chuma kilikuwa kimeng'olewa kwa mikono. Mtu wa Kibera hakuhitaji kuambiwa treni ina maana gani.

Juu ya mapaa kazi ilikuwa ya namna nyingine. Takriban mita za mraba 2,000 za mabati zilifunikwa kwa macho na nyuso, na wanawake wengi waliokuwa pichani walipata picha zao juu ya nyumba zao wenyewe. Safari hii karatasi haikutumika. Picha zilichapishwa kwenye turubai la plastiki lisilopitisha maji, ili zizibe matundu ya mabati yaliyooza kabla mvua za masika hazijafika. Kuanzia hapo picha ilikuwa na kazi nyumbani. Mwenye nyumba aliyeona picha ya uso wake mwenyewe haina faida angeweza kuiacha kwa sababu chumba hakivuji, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuibandua.

Hata hivyo kuna swali ambalo mapaa ya Kibera hayalijibu, nalo ni la uzito: nani anayeziona picha hizo? Kutoka kwenye kichochoro paa halionekani. Anayetembea kati ya nyumba huona ukuta wa udongo, mfereji na nguo zilizoanikwa. Picha kamili huonekana kutoka kwenye tuta la reli, kwenye mwinuko, au kutoka angani kwa ndege na setilaiti. Kwa hiyo mtazamaji mkuu wa mapaa hakuwa jirani wa mwenye paa. Alikuwa mtu wa mbali, aliyeziona kwenye kitabu, kwenye skrini au ukumbini. Katika filamu ya mradi huo, iliyoonyeshwa Cannes mwaka 2010 na kuingia sinema za Ufaransa Januari 2011, wanawake wenyewe wanasema yaliyowapata. Juu ya bati hawasemi. Jicho lililokatwa kutoka kwenye uso na kukuzwa mita kadhaa lina nguvu, ila ni rahisi kuligeuza ishara ya umaskini wowote, wa mahali popote. Kijana wa Les Bosquets alikuwa na jina na anwani chini ya sura yake. Jicho la Kibera halikuwa navyo. Huo ndio udhaifu wa kazi hiyo, na hauondoi uzuri wa treni wala faida ya turubai.

Kazi ya JR haikuwa ya peke yake Kenya wakati huo, na kumsoma bila wenzake wa nchi hiyo ni kumsoma nusu. Wakati wa machafuko yenyewe, Solomon Muyundo, anayejulikana kama Solo7, mchoraji anayeishi Kibera, alizunguka mtaani akiandika maneno ya kuomba amani kwenye kuta, milango na mabati, mamia ya mahali, mara nyingine moto ukiwa bado unawaka karibu. Mpiga picha Boniface Mwangi, aliyekuwa amepiga ghasia hizo kwa ajili ya magazeti, alianzisha Picha Mtaani mwaka 2009. Aliweka picha za mapanga, maiti na nyumba zinazoungua katikati ya miji, watu wakasimama kutazama, kulia na kubishana kuhusu walichofanyiana. Kwa hiyo ndani ya miezi isiyofika 24 Kenya iliona njia tatu: neno lililoandikwa na mkazi, ushahidi wa picha uliowekwa mbele ya waliohusika, na sura kubwa ya mwanamke aliyebaki. Ya Solo7 ndiyo iliyohitaji ujasiri mkubwa. Ya Mwangi ndiyo iliyouma. Ya JR ndiyo iliyosafiri mbali kuliko zote, na kusafiri huko ni jambo ambalo wanawake wa mradi huo walilitaka: waliomba habari zao zifike kwingine.

Na zilifika. Mwaka 2009 picha za mradi huo zilibandikwa kwenye kuta za mto Seine kuzunguka kisiwa cha Saint-Louis, moja ya sehemu ghali kuliko zote za Paris. Julai 2014, bandarini Le Havre, makuli walimsaidia JR kufunika kwa karatasi makontena yaliyopangwa kwenye meli ya mizigo yenye urefu wa zaidi ya mita 350. Macho ya mwanamke mmoja yakaelekea Asia juu ya makontena hayo. Ombi la wanawake hao, la miaka mitano kabla, lilitimizwa hivyo, kwa kipimo ambacho wasanii wachache wangethubutu.

Kibera nayo haikusubiri mgeni arudi. Kabla ya uchaguzi wa Machi 2013 wachoraji wa Nairobi walipaka mabehewa ya treni ya abiria inayopita mtaani rangi na ujumbe wa amani, kwa ruhusa ya kampuni ya reli. Treni iliyokuwa imebeba macho ya watu waliopigwa picha na mgeni ikabeba mkono wa wachoraji wa hapohapo.

Mwaka 2011 JR alipewa Tuzo ya TED, yenye thamani ya dola 100,000, akaitumia kuanzisha Inside Out. Katika mradi huu yeye si mpiga picha tena. Kikundi chochote duniani humtumia picha za watu wake pamoja na hoja wanayoisimamia, ofisi yake huzichapisha kama mabango na kuyarudisha, na wenyewe hubandika. Mamia ya maelfu ya watu katika nchi zaidi ya 100 wameshiriki. Mfano wenye mafunzo mengi ni Tunisia, mwanzoni mwa 2011, baada ya Rais Ben Ali kukimbia. Kwa zaidi ya miaka 20 nchi ilikuwa na sura moja tu ya hadharani, ya rais, ofisini na dukani. Wapiga picha wa Tunisia walibandika sura za wananchi mahali hapo. Baadhi ya watu walifurahi. Wengine walizichana, wakisema wamechoka kutazamwa na sura yoyote ile, iwe ya nani. Waliochana walikuwa na haki yao. Bango la mtu anayemtazama mwenzake kutoka juu lina historia, na historia hiyo haifutwi kwa nia njema ya msanii. Mji wowote wa Afrika Mashariki uliowahi kuning'iniza picha ya rais katika kila duka unaweza kulielewa hilo bila mkalimani.

Karatasi kupotea ni sehemu ya kazi yenyewe, na jambo hilo linaonekana vizuri zaidi katika filamu ya Visages Villages ya mwaka 2017, aliyoitengeneza pamoja na Agnès Varda, mwongozaji aliyekaribia umri wa miaka 90. Wawili hao walizunguka vijiji vya Ufaransa kwa gari lenye mashine ya kuchapisha picha ndani, wakibandika sura za wachimba migodi, mkulima, wake wa makuli. Kwenye ufukwe wa Normandy walibandika picha ya zamani ambayo Varda alimpiga rafiki yake Guy Bourdin, juu ya ngome ya zege ya wakati wa vita iliyoangukia mchangani. Asubuhi yake bahari ilikuwa imekwisha kuifuta. Filamu hiyo ilishinda tuzo ya filamu za ukweli huko Cannes na kuteuliwa kuwania Oscar. Varda alifariki mwaka 2019.

Katika ukanda wa Teso, unaovuka mpaka wa Kenya na Uganda, kuna kipimo kingine cha muda. Michoro ya miambani ya Kakapel, kaunti ya Busia, iliyotangazwa rasmi kuwa turathi ya taifa la Kenya mwaka 2004, na ile ya Nyero wilayani Kumi, Uganda, imepita vizazi vingi kwenye jiwe. Kakapel kuna tabaka juu ya tabaka: maumbo ya duara ya wawindaji wa kale, na juu yake ng'ombe waliochorwa na wafugaji waliokuja nyuma yao. Kila waliofika walichora juu ya wenzao bila kuwafuta kabisa. Sanaa ya JR inasimama upande wa pili wa jambo hilo. Ukutani haiachi tabaka lolote. Kumbukumbu yake iko kwenye picha ya picha, kwenye kitabu na kwenye filamu, na kumbukumbu hiyo iko mikononi mwa msanii, si mikononi mwa mwenye ukuta.

Kazi zake za kiini macho ndizo zinazojulikana zaidi kwa watalii. Mwaka 2016 alifunika piramidi ya kioo ya Louvre kwa picha ya jumba lililo nyuma yake, hata aliyesimama mahali sahihi akaona piramidi imetoweka. Mwaka 2019 watu 400 wa kujitolea walibandika karatasi 2,000 uani ili piramidi ionekane kana kwamba inachimbuka kutoka shimoni. Siku moja ya miguu ya wageni ilitosha kuichana. Ni ufundi wa hali ya juu. Lakini hakuna uso humo, na bila uso kazi ya JR hupoteza kilichoifanya ihitajike.

Uso ulirudi mpakani. Septemba 2017, huko Tecate upande wa Meksiko, alisimamisha kiunzi cha vyuma chenye urefu wa takriban mita 20 kikibeba picha ya mtoto wa mwaka mmoja anayechungulia juu ya uzio wa Marekani, vidole vimeushika ukingo. Mtoto huyo alikuwa akiishi nyumba ya jirani na uzio. Siku ya mwisho iliandaliwa meza ndefu iliyopita kwenye uzio wenyewe, nusu kila upande, ikiwa imefunikwa kwa picha ya macho ya kijana mhamiaji. Watu wa pande zote mbili walikula chakula kilekile, na askari mmoja wa doria wa Marekani alikunywa chai na msanii. Kwa wakazi wa Busia na Malaba, ambako Waiteso na Wasamia wana ndugu pande zote mbili na kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kilizinduliwa rasmi mwaka 2018, meza ya namna hiyo ni jambo la kila sherehe ya ndoa na kila msiba. Picha ya Tecate inaonyesha mpaka ulio mgumu kuliko wao. Inaonyesha pia kwamba mtoto haoni uzio kabla hajafundishwa, na hilo linajulikana na kila mama wa mpakani ambaye mwanawe huvuka kufuata mpira.

Kuanzia 2017 JR alianza kurekebisha udhaifu ulioonekana Kibera. Katika mchoro mkubwa wa Clichy na Montfermeil aliweka zaidi ya wakazi 700 katika picha moja, wakiwemo polisi, wazima moto na vijana, kila mmoja akichagua mkao wake. San Francisco mwaka 2019 alifanya hivyo kwa zaidi ya watu 1,000, na kila aliyepigwa picha alirekodiwa akisimulia maisha yake. Anayegusa sura kwenye skrini husikia sauti ya mwenye sura. Mwaka huohuo aliingia gereza la Tehachapi, California, lenye ulinzi mkali, akawapiga picha kutoka juu wafungwa, watu waliowahi kufungwa na askari jela, wote wakitazama angani, kisha wakaibandika pamoja sakafuni mwa uwanja wa gereza. Mmoja wao alikuwa na alama ya swastika iliyochanjwa usoni. Baada ya mradi alianza kuiondoa, na hatimaye akahamishiwa gereza lenye ulinzi mdogo. Masimulizi yao yaliwekwa kwenye programu ya simu ambayo familia zao zingeweza kuifungua. Hapa sura na sauti vinakwenda pamoja, na ndiyo sababu Tehachapi ni kazi iliyokomaa kuliko mapaa ya Kibera, ingawa haina kitu cha kulinganishwa na treni.

Machi 2022, wiki chache baada ya Urusi kuivamia Ukraine, watu zaidi ya 100 walibeba mjini Lviv turubai la mita 45 lenye picha ya msichana mkimbizi wa miaka mitano. Mradi huo, Déplacé·e·s, ulifuata watoto wengine waliohamishwa makwao: Kolombia, Mauritania, kisiwa cha Lesbos nchini Ugiriki, na Mugombwa, kambi iliyo kusini mwa Rwanda iliyofunguliwa mwaka 2014 kwa ajili ya Wakongomani. Huko wakazi wa kambi, wengi wao watoto, walishika kingo za turubai lenye picha ya mvulana wa hapohapo akiwa mbioni na kulitembeza kati ya nyumba. Turubai ndicho kitu cha kwanza mkimbizi anachopewa kambini. Analala chini yake, analala juu yake. Safari hii halikuwekwa juu ya paa ambako mwenye nyumba haoni. Lilibebwa na mikono, na waliolibeba walijua wamembeba nani. Bado picha nzima huonekana kwa kamera inayoruka tu, lakini kubeba kwenyewe, vumbi, vicheko na kelele za watoto, kulikuwa kwa waliokuwepo.

Kuhusu fedha, JR hachukui udhamini wa makampuni yanayotaka nembo zao zionekane kwenye kazi. Hujilipia kwa kuuza machapisho ya picha zake kupitia majumba ya sanaa kama Perrotin na Pace, na mauzo ya kazi moja hugharamia safari ya inayofuata. Utaratibu huo umempa uhuru, na pia umemfanya kuwa msanii wa soko kubwa, ambaye picha ya paa la Kibera huweza kutundikwa sebuleni kwa bei inayozidi thamani ya nyumba nyingi zilizo chini ya paa hilo. Baadhi ya mapato yameelekezwa kwenye vitu vya kudumu. Morro da Providência ina nyumba ya utamaduni, Casa Amarela, iliyotokana na mradi wa 2008, ambako watoto hujifunza sanaa. Huko Montfermeil, shule ya Kourtrajmé iliyoanzishwa na Ladj Ly mwaka 2018 hufundisha filamu bila ada na bila kudai vyeti, na JR ndiye aliyeanzisha sehemu yake ya sanaa na picha. Ni mji uleule ambako picha ya kijana mwenye kamera ilibandikwa mwaka 2004.